Chumba cha marehemu mama kimejaa mpaka mlangoni: nianze wapi?

SWALI: Assalam alaykum, Bi Mwalimu, na shikamoo. Mama yetu alifariki mwaka juzi. Nyumba iko Kikwajuni, hapa Unguja mjini, nakaa mimi na wanangu. Chumba chake cha nyuma kimejaa hata mlango haufunguki sawasawa: marobota ya kanga, besela (kitanda cha zamani cha mbao) lililovunjika mguu, kasha la njumu lililopambwa kwa misumari ya shaba, sufuria kubwa za shughuli, cherehani ya mkono, friji bovu, mifuko ya makaratasi. Uani kuna matairi, madumu na ndoo zilizopasuka. Kaka anasema niite gari vyote viende jaani. Dada yetu aliyeolewa Wete, Pemba, anasema hata kijiko kisitoke, ni kumbukumbu. Binti yangu anataka chumba cha kusomea, na kila siku ananionyesha kwenye simu watu wanaogeuza vitu vya zamani kuwa mapambo. Sasa anataka tulipake kasha rangi nyeupe. Nianze wapi, na kipi kinafaa kugeuzwa kuwa nini?

JIBU: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Allah amsamehe mama yenu na amuweke pema.

Nianze na ambalo hukuliuliza: hivyo vitu ni vya nani? Watu wakifiwa hugawana nyumba, shamba na mikarafuu, vyombo wakaviacha ndani kana kwamba havimo katika mirathi. Vimo. Kasha, cherehani, mpaka sinia, ni mali ya marehemu. Zikishatoka gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi thuluthi, kinachobaki ni haki ya warithi wote, si ya yule anayekaa na ufunguo. Kwa hiyo wewe huwezi kutoa sadaka peke yako, kaka hawezi kuvipeleka jaani kwa amri yake, na dada hawezi kuvizuia vyote. Kama miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, fungu lake halitolewi sadaka na mtu yeyote, hata nia iwe njema namna gani. Mkishindana kabisa, wa kumwendea ni kadhi, si mimi.

Kwa nyumba nyingi haifiki huko. Mpigie dada simu ya video, kaka awepo, mzungushe simu chumba kizima. Kila mmoja ataje anachokitaka hasa, mkikadirie thamani, mhesabiane. Anayetaka kitu aseme na siku ya kukichukua. Boti za Pemba zinabeba mizigo. Kumbukumbu haiwezi kuwa ya Wete huku vumbi lake ni la Kikwajuni. Vilivyobaki mkubaliane kwa kauli moja kwamba vinauzwa au vinatolewa kwa jina la mama, na mliandike hilo hata kwenye kipande cha daftari.

Halafu vimo visivyokuwa vya mama kabisa. Pindua kila sufuria na kila sinia utazame kitako. Wanawake wa mtaani hutia alama vyombo vyao vinapokwenda shughulini: nukta ya rangi ya kucha, herufi mbili zilizochorwa kwa msumari, kiraka cha rangi ya mlango wa nyumba yao. Ukikuta alama tatu tofauti, jua mama alibaki na vyombo vya watu baada ya harusi fulani, na huenda vyake viko kwao. Uliza majirani wa rika lake. Hiyo ni amana, na inatangulia kurudi kwa wenyewe kabla hujagusa jengine.

Sasa kazi yenyewe. Usianze chumbani, anza uani, na uanze wiki hii, kabla masika hayajafika. Mbu anayeeneza homa ya dengi hapendi madimbwi makubwa. Hutaga kwenye vyombo vidogo karibu na watu, na maji yaliyomo ndani ya tairi au ndoo iliyopasuka juu yanamtosha. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kiasi cha wiki moja hadi siku kumi. Kwa hivyo hayo matairi siyo ya kuamuliwa na mirathi, ni ya kuondoka. Ukitaka kubakisha moja la kupandia mrehani au mchaichai, litoboe matundu upande utakaolala chini, uhakikishe halibakishi maji hata kikombe kimoja. Kama huna nguvu ya kulitoboa, liache lende. Madumu yasiyovuja yaoshwe, yafunikwe, yatumike. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au petroli lisitiwe maji ya kunywa wala ya kupikia, hata ulisugue na mchanga mara ngapi.

Chumba kisubiri siku ya jua kali. Tandika mikeka na majamvi nje, utoe kila kitu, ndipo uchambue. Ukichambua humo humo ndani kwenye giza na vumbi, kila kitu utakiona cha thamani au kila kitu utakiona taka, kutegemea umeamkaje. Tena hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu. Chumba kilichofungwa miaka miwili hakikosi ukungu nyuma ya makabati, kutu kwenye vyuma na mchwa kwenye chochote kilichogusa sakafu. Najua wengi hutia karafuu na asumini baina ya nguo. Harufu ni nzuri, endelea, lakini karafuu haikaushi nguo. Kinachokausha ni jua na upepo.

Kanga ndizo zitakazokuchosha, na ndizo zenye faida kubwa kuliko vyote, kwa hiyo nizieleze kwa urefu. Zifungue moja moja, usiziamue zikiwa kwenye robota. Utakuta doti ambazo hazijakatwa wala kupindwa, bado ngumu za dukani, alizopewa kwenye harusi akazihifadhi. Hizo ni zawadi kamili: wagawieni wajukuu wa kike, mashoga wa mama, wale waliokuja kumuuguza. Ila soma jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kabla hujampelekea mtu, usije ukampa wifi yako kijembe ukadhani umempa kumbukumbu.

Zilizovaliwa zikalainika, watu huzidharau, na kumbe hapo ndipo pamba inapofikia utamu wake. Zijaribu kwanza: dondoshea tone la maji. Likinywewa papo hapo, ni pamba. Likiteleza juu, kitambaa kina nailoni au poliesta nyingi, nacho hakifai kufutia chochote. Ukiwa bado na shaka, chomoa uzi mmoja pindoni uuchome: wa pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, wa poliesta hujikunja ukawa kidonge kigumu cheusi. Zile za pamba fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi, kisha tafuta mwanamke mwenye mimba mtaani kwako. Mjamzito anayejiandaa kwenda kujifungua huambiwa abebe kanga safi, tena si moja. Na baada ya hapo kuna arubaini nzima ya kufuta, kufunika na kubebea. Ukitaka kumfanyia winda za mtoto, usikate kwa mkasi. Tia kijichano kidogo ukingoni kisha ichane kwa mkono. Kanga ya pamba hufuata uzi ikatoka mstari ulionyooka. Kanga moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja, kwa hivyo utapata winda sita za kiasi, ukazipinda kingo.

Zenye madoa meusi ya ukungu yasiyotoka hata baada ya kufuliwa na kuanikwa siku nzima, usimpe mtu kwa jina la sadaka. Hizo ni matambara ya deki. Na dada yako wa Wete akitaka kumbukumbu, mshonee foronya mbili kutokana na kanga alizozipenda mama, ule mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, ukae katikati na jina lisomeke. Nafasi itakayochukua kwake ni ya mto mmoja, na atailalia kila siku.

Hapo ndipo nilipotaka kufika kuhusu zile video za binti yako. Mimi nilisomesha sayansikimu skuli tangu ujana wangu mpaka kustaafu, na kazi za mikono nazipenda. Lakini nyingi ya zile video zinachukua kitu kizima chenye kazi yake zikakifanya pambo lisilo na kazi. Sufuria inakuwa chungu cha maua, cherehani inakuwa mguu wa meza, ngazi inakuwa ya kutundikia taulo. Baada ya mwezi mmoja una vitu vile vile, idadi ile ile, vimepakwa rangi. Matumizi mapya yaliyo bora mara nyingi ni yale yale ya zamani, mikononi mwa mtu anayeyahitaji. Geuza kitu kuwa kingine pale tu kazi yake ya kwanza imekufa kweli.

Chukua hiyo cherehani ya mkono. Imekaa kimya, gurudumu halizunguki, mtu akasema imekufa. Haijafa. Mara nyingi imekaukiwa, au mwenyewe aliwahi kuitia mafuta ya kupikia, nayo huganda ndani ya chuma yakawa kama gundi. Fundi ataisafisha kwa mafuta ya taa kidogo, aitie mafuta ya cherehani yenyewe, abadilishe sindano na labda mkanda wa mpira wa kujazia bobini. Haitaki umeme, maana yake kwa msichana wa shamba anayejifunza kushona ina faida kuliko mashine mpya ya plastiki. Kama warithi mkikubali kuitoa, mtoeni mtu anayeshona. Asiyeshona ataiweka juu ya kabati, hadithi ianze upya.

Sufuria za shughuli nazo msiziuze kwa kilo kabla hamjanisikia. Kila mtaa una hitma, maulidi, harusi na misiba, na kila mara watu wanahangaika kuazima au kukodi. Sufuria ya kupikia wali wa watu mia haina nafasi kwenye nyumba yenye watu watano, lakini msikitini haipumziki. Zinaweza kuwekwa wakfu: chombo kinabaki, manufaa yanatumika, na malipo yanamfikia mama insha'Allah. Wakfu hauna kurudishwa, kwa hiyo warithi wote waridhie kwanza. Kwa nyumba au shamba mngekwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa sufuria, karatasi fupi iliyosainiwa nanyi mbele ya kamati ya msikiti inatosha kuzuia maneno. Mtajeni na mtu wa kuzitunza, awe na daftari la nani kachukua na lini karudisha, la sivyo mwaka hautapita kabla hazijapotea.

Tahadhari moja: kama mna ya shaba nyekundu, tazama ndani. Inatakiwa iwe na utando mweupe wa bati. Ukiona wekundu umetokeza, isipikiwe chochote chenye ukwaju, ndimu, tungule (nyanya) au siki, maana uchachu hula shaba ikaingia kwenye chakula na watu wakatapika. Itiwe bati upya na fundi anayejua, au ibaki ya kutazamwa.

Makaratasi yatakupa usingizi, lakini usiyapeleke kwenye moto kwa mkupuo. Tafuta kwanza hati ya nyumba au kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, na daftari la mchezo wa kupeana fedha. Wamama wetu waliandika humo nani anadai na nani anadaiwa, na deni la marehemu, nilivyosema, linatangulia mgao. Misahafu na juzuu zilizo nzima ziende chuoni, yaani madrasa, kwa watoto. Zilizochanika mkabidhi imamu. Hufukiwa mahali pasafi pasipokanyagwa au huchomwa mpaka ziwe jivu, hazichanganywi na taka. Ukikuta barua au vitabu vya mkono kwa herufi za Kiarabu, usidhani vyote ni Kiarabu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo. Kabla ya kuamua, wapelekee Nyaraka za Taifa pale Kilimani wakutazamie. Picha zilizoganda kwenye kioo cha fremu usizibandue, zitaacha uso wa mtu kwenye kioo. Zipige kwa simu hivyo hivyo zilivyo, juu ya kioo, kwenye kivuli chenye mwanga, kisha muwatumie ndugu wote. Hapo dada wa Wete atakuwa na vyote bila kubeba hata kimoja.

Friji bovu lina hatari kuliko linavyoonekana. Watoto hulifanya mahali pa kujificha wakicheza, akaingia mmoja, mlango ukafunga, na ndani hakuna hewa. Ung'oe mlango leo, kabla hata ya kumaliza kusoma. Usiruhusu mtu wa vyuma akate mabomba uani kwako. Fundi wa friji atoe gesi na kompresa. Bodi lililobaki lina kuta zinazohifadhi baridi, na wachuuzi wa samaki hulilaza chali wakatia barafu. Ukimpata anayelitaka, mpe na mlango wake, lakini friji likae kwake kazini, si kwenye ua wa watoto.

Vyuma vingine ni vya mnunuzi wa chuma chakavu. Kabla hajaja, chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, upitishe. Inachonasa ni chuma, bei ya chini. Isichonasa mara nyingi ni shaba au alumini, bei yake ni nyingine, basi usikubali zipimwe pamoja. Kuna sinia zinazong'aa kama shaba na sumaku ikazikamata. Hizo ni chuma kilichopakwa. Betri kuukuu na simu mbovu hazichomwi wala hazifukiwi. Dawa zilizopita muda ulizia duka la dawa au kituo cha afya. Hapo ndipo kaka yako atakapopata gari lake la jaani: vilivyovunjika, vilivyooza, plastiki zilizopasuka. Viende jaa la Kibele kwa gari la taka, visichomwe uani mkavuta moshi wake.

Besela, kama ni mguu mmoja tu, ni kazi ya fundi wa kukereza, na kitanda kitasimama tena. Mbao za zamani za mvule au msaji mchwa hazipendi, na leo kuzinunua ni ghali. Kama warithi hawakitaki kama kitanda, basi hapa ndipo ninapomkubalia binti yako: zile mbao mbili ndefu za ubavuni, zikiunganishwa, ni meza nzuri ya kusomea. Mwambie fundi asipige misumari ya pembeni, atumie zile zile tundu na ndimi zilizopo. Ila kagua kwanza chini ya miguu. Ukiona unga laini unadondoka na vitundu kama vya sindano, mbao zimebunguliwa, na ukiziingiza ndani utawapelekea wadudu kabati na milango.

Na kasha. Usilipake rangi. Kasha la njumu thamani yake iko kwenye ule ubao wa asili na misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi. Rangi ikishaingia baina ya misumari haitoki ila kwa kemikali au msasa, na vyote viwili vinakula njumu yenyewe. Ondoa vumbi kwa brashi laini, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, kausha hapo hapo. Shaba isugue kwa kitambaa kikavu tu. Ndimu na ukwaju ni vya masinia, hapa vitatia madoa kwenye ubao. Toa droo zote tatu za chini, kama zipo, upapase nyuma yake na chini ya kile kisanduku kidogo cha ndani, kwa sababu makasha haya mara nyingi huwa na mahali pa siri, na pengine mama aliweka kitu. Kisha lisimamishe juu ya vipande vya ubao, mbali kidogo na ukuta, hewa ipite. Akija mtu wa duka la vitu vya kale kutoka Mji Mkongwe akataja bei, mshukuru, uulize maduka mengine mawili, na usiuze siku hiyo.

Binti naye asivunjike moyo. Hiyo rangi nyeupe apake chumba. Kama kuta ni za zamani za mawe na udongo, mnunulie chokaa badala ya rangi ya plastiki, ukuta upate kutoa unyevu wake na vitabu vyake visiote ukungu.